Kadi Ukiivaa, Itetee

Jino la kwanza lilitoka saa nne na dakika tano asubuhi. Lilikuwa jino la utoto, na tangu juzi lilikuwa likicheza, kwa hiyo mwenyewe alilitema mchangani akaendelea kupigana.

Wakati huo mwalimu wa dini alikuwa katika chumba cha walimu na kikombe cha chai mkononi, akimsifia mwalimu wa hesabu darasa lake la tano. "Nakwambia watoto wale wamebadilika," alisema. "Siku hizi wanajadiliana kama wabunge."

Mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno ya kupima, alichungulia dirishani. "Basi wabunge wako wanauana," alisema, akatoka mbio.

Uwanjani ilikuwa patashika nguo kuchanika, na nguo zilichanika kweli. Watoto thelathini na sita walikuwa wamekabana makoo, kila mmoja na kadi ya rangi ikining'inia kifuani kwa uzi. Wa njano alikuwa amemkalia wa kijani tumboni, anamshindilia mchanga mdomoni huku akimwambia, "Haya, funga sasa! Si mnafunga nyinyi? Funga!" Binti mmoja mpole, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuinua sauti, alikuwa amemshika mwenzake nywele kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anamdunga bikari pajani, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa utulivu kabisa kama anayeshona. Watatu wa kijivu walikuwa wamevua mikanda na kuizungusha hewani, chuma kikipata kichwa cha yeyote, wakipiga kelele kwamba wao hawamwogopi Mungu wala shetani wala mwalimu mkuu.

Mwalimu wa dini alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Hakufua dafu. Alimvuta mtoto mmoja, wawili wakampita. Alimtenganisha huyu, yule akaumwa sikio.

Kati ya nyeupe na nyekundu palikuwa pabaya zaidi. Nyeupe walikuwa wamebanwa ukutani, na mbele yao alisimama Pacha Mdogo, mvulana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, pua ikimvuja damu, anaruka na kupiga makelele, "Nyeupe hatukimbii! Nyeupe hatukimbii!" Hatua sita mbele yake mwalimu alimwona mtoto wa nyekundu anainama, anaokota jiwe lenye ukubwa wa ndimu, anajipinda na kulirusha kwa mkono wa kushoto.

Jiwe lilitoa mlio mdogo, kama yai likigongwa kwenye ukingo wa sufuria. Pacha Mdogo alifunika uso kwa viganja, akakaa chini taratibu, na damu ikaanza kupita katikati ya vidole.

Aliyelirusha alibaki ameinua mkono. Alikuwa Pacha Mkubwa, dada yake. Walitoka tumbo moja, yeye akitangulia kwa dakika kumi na moja.

Kadi zile mwalimu alizikata kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo panapouma. Somo lake lilikuwa Dini na Mitazamo, na alilipenda kama wengine wanavyopenda kula. Kwa miaka kumi na tisa aliona jambo lilelile: mtoto anakariri dini ya mwenzake kama anavyokariri mito na milima, anapata tisa kwa kumi, halafu anatoka nje anamtukana mwenzake kwa jina la dini hiyohiyo. Ndipo akabuni kadi. Rangi tano, nyumba tano: nne za wanaosali, kila moja kwa namna yake, na moja, ya kijivu, ya wasioamini kwamba yupo wa kuombwa. Rangi ipi ilikuwa ya dini ipi hutaambiwa hapa, maana ukiambiwa utaanza kushangilia upande, na maradhi yenyewe ndiyo hayo.

Kila Jumatatu mtoto aliingiza mkono katika kofia kuukuu ya mlinzi na kuchomoa kadi. Ukichomoa rangi ya nyumbani kwenu, unairudisha, unachomoa nyingine. Kisha juma zima wewe ni mtu wa nyumba ile. Ujue wanavyojitakasa, wanavyofunga, wanavyozika, na ukiulizwa ujibu kama wao wangejibu. Chini ya kila kadi aliandika kwa wino mweusi: Kadi ukiivaa, itetee. Watoto wakambandika jina la Mwalimu Kadi, naye akalipokea kama cheo.

Juma la kwanza lilikwenda vizuri. La pili likadorora, watoto wakaanza kupiga miayo. Basi juma la tatu, ili kuwachangamsha, akanunua nyota za karatasi, akabandika chati ukutani. Kadi iliyotetewa vizuri hupata nyota. Jumanne jioni nyekundu walikuwa na saba na nyeupe saba. Jamani, mtu aliyesoma! Umewapa watoto Mungu, umewapa na ubao wa magoli, kisha unakwenda kunywa chai.

Kilichopiganiwa Jumatano hiyo kilikuwa nyota ya nane.

Mwana wa muuza nyama ndiye aliyembeba Pacha Mdogo mpaka getini. Naye alikuwa amevaa nyeupe juma hilo, na mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa kumkinga mwenzake. Alimkumbatia kifuani, shati lake likalowa damu mpaka kiunoni. Mwalimu wa hesabu akampokea mgonjwa, akamfunga kwa mtandio wa mwalimu wa dini, akamweka mbele yake kwenye pikipiki, wakaondoka kuelekea hospitali.

Mwalimu akawaingiza waliobaki darasani, akafunga mlango. Kilio kilikuwa kimekwisha. Walikaa kwenye madawati yao wakilamba midomo iliyovimba, hata wa kijivu wakiwa na adabu. Pacha Mkubwa alikuwa dawati la tatu, ameukalia mkono wake wa kushoto.

Mwalimu aliinama karibu naye.

"Mwalimu," msichana alinong'ona, "baba ataukata huu."

"Nani kakwambia? Hakuna atakayekugusa. Umenisikia? Hakuna."

Alisema hivyo kwa sababu mtu mzima husema hivyo. Alimfahamu baba yao, fundi wa kuchomelea mageti pale barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa ada mapema, aliwabeba pacha wake mabegani mpaka walipofika miaka saba, na geti la shule alilitengeneza bure. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na binti yake alizaliwa akitumia kushoto. Fundi aliamini kwamba chakula kinacholiwa kwa kushoto Mungu hakibariki. Tangu binti akiwa na miaka mitatu aliukanya mkono ule kwa mwiko, baadaye kwa ubao, baadaye kwa waya. Mwaka jana mwalimu aliyaona makovu kwenye vifundo vya vidole. Aliandika barua nzuri ya kumwita mzazi, akaiweka kwenye droo asubiri wakati unaofaa. Ilikuwa humo mpaka leo.

Habari mbaya haina breki. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliruka ukuta, akafika kwenye karakana ya fundi akihema, akasema alichokiona: "Nyekundu wamemtoboa jicho pacha!" Mji mzima ulishasikia habari za kadi, na kila mtu alijua nyekundu ni nyumba ipi. Ni nyumba anakosali muuza nyama. Hakuna aliyejua, au hakuna aliyekumbuka, kwamba katika mchezo ule mtoto wa nyumba ya nyekundu hawezi kuvaa nyekundu.

Fundi alivua miwani ya kuchomelea, akachukua kipande cha nondo urefu wa mkono. Alipopita mbele ya nyumba yake ya ibada watu walikuwa wanatoka, wakamzunguka, wakamuuliza kulikoni. Hapo ndipo alipoapa. Aliinua nondo akasema, "Kwa Mungu aliyeniumba, mkono uliorusha jiwe hilo nitauvunja leo, kabla sijatia chakula kinywani." Watu wakaitikia. Watu wanapenda sana kiapo cha mwenzao, hakiwagharimu kitu. Waliomfuata mpaka shuleni walipata arobaini.

Mlinzi alifungua geti bila kuulizwa. Mwalimu mkuu alikumbuka kuwa ana hesabu ya chaki ya kufanya, akajifungia stoo. Mlango wa darasa la tano ulipigwa teke moja, bawaba ya juu ikang'oka.

Fundi aliingia na macho mekundu. Yalitua kwanza kwa mwana wa muuza nyama, amesimama karibu na ubao kwa kuwa dawati lake lilivunjika, damu kifuani.

"Damu ya mwanangu unaivaa!" Fundi alinguruma.

"Mzee, mimi nilimbeba..."

Hakumaliza. Fundi alimkaba koo kwa mkono mmoja, akamnyanyua, akambamiza kwenye ubao mpaka vumbi la chaki likaruka. Miguu ya mtoto ilitafuta sakafu isiipate. Madawatini watoto walipiga yowe. Mwalimu aliurukia mkono wa Fundi, akaung'ata kabisa, nyama ikapatikana. Fundi alimkung'uta kwa kiwiko, akaanguka juu ya meza yake mwenyewe, nyota za karatasi zikamwagika chini.

"Sema ni wewe!" Fundi alimwambia mtoto. "Sema, nikuvunje mkono tu; nimeapa sili chakula kabla ya hapo. Usiposema nakutoa roho."

Ndipo watu waliojazana mlangoni wakasukumwa pembeni, akaingia muuza nyama, naye habari imeshamfikia. Alikuwa na aproni yake yenye damu ya ng'ombe na kisu cha kuchunia mkononi, na nyuma yake watu wa nyumba yake wasiopungua ishirini, wengine na mawe tayari.

"Mshushe mwanangu, Fundi," alisema polepole. "Mshushe, ama leo nitachuna mtu."

"Mwanao kamtoa mwanangu jicho."

"Hata kama. Mshushe."

Mwalimu alisimama akijishika mbavu. Uso wa yule mtoto ubaoni ulikuwa unageuka rangi. "Si yeye!" alipiga kelele. "Baba Pacha, nisikilize! Huyo alivaa nyeupe! Alikuwa upande wa mwanao! Hawezi kuvaa nyekundu, nyekundu ni ya kwao, ndiyo kanuni, mtoto havai ya kwao!"

"Kanuni gani! Nani basi? Nitajie!"

Mwalimu hakuthubutu hata kutazama dawati la tatu. Akamwona muuza nyama anabadilisha mshiko wa kisu, akamwona mtoto anaacha kurusha miguu. Lazima aseme jina, na jina lilikuwa moja tu.

"Mimi," alisema.

Fundi aligeuza kichwa.

"Mimi ndiye niliyetupa lile jiwe. Nilitaka kuwatawanya, likampata. Mkono wako huu hapa." Akaukunja mkono wa gauni, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya dawati la mbele. "Mwache mtoto wa watu. Uliapia mkono, njoo uchukue."

Nyumba zote tano zinakataza uongo. Walijifunza Jumatatu ya juma lile, na yeye mwenyewe aliwapa nyota waliolieleza katazo hilo vizuri. Basi pale dawati la mbele alikuwepo mtoto mmoja mdogo kuliko wote, wanayemwita Kasuku kwa sababu hawezi kuzuia mdomo, mtoto anayempenda mwalimu wake na asiyependa akosee. Akainua kidole kama anavyofundishwa.

"Lakini Mwalimu," alisema, "si lilirushwa kwa kushoto?"

Mwana wa muuza nyama alianguka sakafuni akikohoa. Fundi alikuwa amemwachia bila kujua. Darasa lilikuwa na watoto thelathini na watano, na katika hao, katika shule ile nzima pengine, mkono wa kushoto mmoja tu ndio aliokuwa akiujua yeye, aliokuwa akiukanya miaka minane asubuhi na jioni. Aliinua macho taratibu mpaka dawati la tatu.

Pacha Mkubwa alikwishasimama. Kadi nyekundu ilikuwa kifuani pake.

"Nilikuwa naitetea, baba," alisema.

Muuza nyama alishusha kisu, akamvuta mwanawe miguuni pake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimtazama Fundi kwa huruma. Angekuwa na bahati Fundi, mambo yangeishia hapo. Lakini mlangoni kulikuwa na wale arobaini wake, na mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida, "Umeapa, Fundi." Mwingine akadakia, "Kiapo si mate, ukayatema na kuyameza." Nusu saa kabla walikuwa wanamlilia mtoto wake mmoja. Sasa walikuwa wanamdai wa pili.

"Njoo hapa," Fundi alimwambia binti yake.

"Baba Pacha, usifanye hivyo," mwalimu alisema. "Kila dini ina njia ya kumtoa mtu kwenye kiapo kibaya. Funga siku kadhaa, lisha maskini, tubu. Hata yako. Nimeifundisha humu humu ndani."

"Wewe usiniambie habari ya dini. Wewe!" Machozi yalikuwa yanamtoka Fundi, na nondo alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Weka mkono."

Msichana aliuweka. Aliuweka mwenyewe, kwa mazoea, kama alivyozoea kuuweka mezani nyumbani, kiganja chini. Makovu yalionekana. Nondo ikapanda.

Mwalimu hakufikiri. Kama angefikiri asingefanya. Aliurusha mkono wake wa kulia juu ya ule mdogo, akaufunika wote kuanzia kiwiko mpaka vidole, na chuma kikashuka.

Watoto wote walisikia mfupa. Baadhi yao watausikia mpaka wazeeke. Mkono wa mwalimu ulipinda mahali ambapo mkono hauna kiungo, na ncha nyeupe ikatoka nje ya ngozi. Chini yake ule mdogo ulikuwa mzima, haukuguswa.

Fundi aliinua tena nondo. Pengine hakujua anafanya nini. Safari hii muuza nyama alimvaa, wakaenda chini wote wawili, dawati likavunjika, na muuza nyama, mtu wa kilo mia, akampiga ngumi za uso moja baada ya nyingine, akisema kwa kila ngumi, "Basi! Basi! Basi!" mpaka Fundi akaacha kujitetea. Nondo ikabingirika hadi mlangoni. Wale arobaini wakaitazama, wakatazamana, na mmoja mmoja wakaanza kukumbuka shughuli zao.

"Umeshavunja mkono," mwalimu alimwambia Fundi kutoka sakafuni. Meno yalikuwa yanamgongana. "Nenda kale sasa."

Waliwapeleka hospitali kwa pikapu ya kubebea nyama. Mbele alikaa muuza nyama na mwanawe, ambaye sauti ilikuwa bado haijarudi. Nyuma, kwenye bati lenye harufu ya mafuta ya ng'ombe, alilala mwalimu, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Pacha Mkubwa, na miguuni pao alikaa Fundi, uso umevimba. Kila gari liliporuka shimo mwalimu alipiga ukelele, na kila alipopiga ukelele Fundi alishtuka kama aliyechapwa.

Mchana ule hospitali ndogo ilikuwa imejaa, wakamlaza mwalimu wodi ya watoto, kitanda cha jirani na Pacha Mdogo. Daktari alikuwa amekwisha kulitoa jicho. Alimweleza Fundi pale korido, kwa maneno ya kitabibu, na Fundi aliitikia kila neno kwa kichwa. Kisha aliingia, akakaa sakafuni katikati ya vitanda viwili, mgongo ukutani. Nesi alimletea kiti. Hakukitaka.

Saa tisa Pacha Mdogo alizinduka. Nusu ya kichwa ilikuwa bandeji. Alitafuta kwa jicho lililobaki, akamwona mwalimu na plasta yake hadi begani, akamwona baba yake chini, akamwona dada yake amesimama miguuni pa kitanda na kadi nyekundu ikiwa bado shingoni, maana hakuna aliyekumbuka kumvua.

Mwalimu alijiandaa. Alijua mtoto atauliza habari ya jicho, na alikuwa akitafuta maneno tangu alipoletwa.

"Mwalimu," Pacha Mdogo alisema, ulimi mzito kwa dawa. "Nyota ya nane amepata nani?"

Fundi alijifunika uso kwa viganja.

Pacha Mkubwa ndiye aliyejibu. Alizunguka kitanda, akampangusa ndugu yake mate kidevuni kwa mkono wa kushoto, na baba yake akiwa palepale hakuuficha.

"Nyinyi," alisema. "Nyeupe."

"Nilijua," alisema Pacha Mdogo, akatabasamu, akalala.